NFS: ekspoti ya kusoma tu inapokataa kuandika, na inaporuhusu isipotakiwa

Ukiona "Read-only file system" kwenye mashine iliyopachika saraka ya NFS (Network File System, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao), usikimbilie `chmod`. Ujumbe huo hauhusiani na ruhusa za faili, na `chmod 777` haitatatua chochote. Itaacha tu saraka wazi kwa kila mtu siku tatizo halisi litakapoondoka. Ombi la kuandika kupitia NFS hupita kwa walinzi kadhaa: namna mteja alivyopachika saraka, mstari wa ekspoti (saraka ambayo seva inawatolea wateja) kwenye seva, mfumo wa faili ulio chini ya ekspoti hiyo, na mwisho ruhusa za mtumiaji mwenyewe. Yeyote kati yao anaweza kukataa, na kila mmoja ana lugha yake ya kukataa. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kwanza ni nani aliyekataa.

Mifano yote hapa ni ya seva ya Linux yenye kifurushi cha nfs-utils. Seva inaitwa `hifadhi`, inatoa `/srv/data`, na wateja wako kwenye mtandao wa 192.168.10.0/24.

Anza na kosa lenyewe

Programu nyingi huficha kosa la mfumo. Mtumiaji ataambiwa "haikuweza kuhifadhi", basi. Nenda kwenye mashine ya mteja, ingia kama mtumiaji yuleyule anayelalamika, kisha jaribu kwa mkono:

```
touch /mnt/data/jaribio
```

Kama programu ni ngumu kuigiza kwa mkono, iendeshe chini ya `strace -f -e trace=file` utafute mistari yenye EROFS, EACCES au EPERM.

EROFS ndiyo "Read-only file system". Hapo kuna aliyesema kwamba eneo zima ni la kusoma tu: upachikaji wa mteja, ekspoti ya seva, au mfumo wa faili wenyewe. EACCES ni "Permission denied", na kwa kawaida inahusu mtumiaji huyu na faili hii. EPERM ni "Operation not permitted": kitendo chenyewe hakiruhusiwi kwa mtumiaji huyo, mfano `chown` inayofanywa na root aliyenyang'anywa uwezo, au faili iliyofungwa kwa `chattr +i` upande wa seva.

Kuna mtego mmoja unaopoteza watu muda mwingi. Toleo la 3 la NFS, lililoelezwa kwenye RFC 1813 ya mwaka 1995, lilileta ombi linaloitwa ACCESS: mteja anauliza kabla ya kitendo, "mtumiaji huyu ana haki gani hapa?" Seva yenye ekspoti ya kusoma tu hujibu kwa kuondoa biti ya kuandika, bila kutaja sababu. Mteja wa Linux akipokea jibu hilo anapofungua faili iliyopo kwa kuandika, anachoweza kumwambia mtumiaji ni "Permission denied". Utazunguka kwenye ruhusa za faili mchana kutwa, kumbe ekspoti ndiyo iliyofungwa. Kwa hiyo usijaribu kwa faili iliyopo peke yake. Jaribu pia kuunda faili mpya, kwa sababu ombi la kuunda hupelekwa kwenye seva lenyewe, na seva hulijibu kwa kosa lake halisi.

Mteja anaonyesha rw, lakini kuandika kunakataliwa

Hii ndiyo dalili inayojirudia kuliko zote. Unaandika `grep /mnt/data /proc/mounts`, unaona `rw` (kusoma na kuandika; `ro` ni kusoma tu), unahitimisha kwamba NFS imekubali. Haijakubali. Hiyo `rw` ni nia ya mteja tu: yeye hajajizuia kuandika. Chaguo la seva halionekani hapo, na upachikaji hufaulu vizuri kabisa hata kama ekspoti ni ya kusoma tu. Kukataliwa huja baadaye, kwenye ombi la kwanza la kuandika.

Jibu liko kwenye seva, na si ndani ya `/etc/exports`. Faili hiyo inaonyesha ulichokusudia. Kinachotumika unakipata hivi:

```
exportfs -v
```

Matokeo huwa ya namna hii:

```
/srv/data  192.168.10.0/24(sync,wdelay,hide,no_subtree_check,sec=sys,ro,secure,root_squash,no_all_squash)
```

Tafuta `ro` au `rw` kwenye mstari unaomhusu mteja wako. Ukikuta `ro` ambayo hukuiandika, kumbuka kwamba ndiyo chaguo-msingi: mstari usiotaja lolote kati ya hizo mbili hutoa saraka kwa kusoma tu. Ukikuta matokeo hayafanani na faili uliyohariri, huenda hukuipakia upya. `exportfs -ra` inatosha, huna haja ya kuwasha upya huduma nzima. Na ukikuta mstari ambao haumo kabisa kwenye `/etc/exports`, tazama `/etc/exports.d/`. Faili za humo husomwa pia, ilimradi jina liishie kwa `.exports`. Mtu aliyeweka faili iitwayo `data.conf` humo atasubiri sana. ZFS nayo huandika ekspoti zake humo inapotumia `sharenfs`, kwa hiyo `zfs get sharenfs` ni swali la kuuliza mapema kama diski zako ni za ZFS.

Halafu kuna nafasi moja tupu. Linganisha mistari hii miwili:

```
/srv/data  192.168.10.0/24(rw)
/srv/data  192.168.10.0/24 (rw)
```

Wa kwanza unaupa mtandao wako haki ya kuandika. Wa pili una nafasi kabla ya mabano, na maana yake ni nyingine kabisa: mtandao wa 192.168.10.0/24 unapata chaguo-msingi, yaani kusoma tu, na *ulimwengu wote* unapata `rw`. Wateja wako wanakataliwa kuandika, huku mashine yoyote ngeni inayoweza kuifikia seva ikiruhusiwa. Kwenye `exportfs -v` utaona mistari miwili, mmoja ukiwa na `<world>`. Ukiuona huo na hukuukusudia, acha kila kitu kingine uurekebishe kwanza, kwa sababu lalamiko lililokuleta ni dogo kuliko shimo ulilolikuta.

Kama mistari iko sawa lakini mteja mmoja tu ndiye anayepata kisichotarajiwa, angalia seva inamtambua kwa anwani ipi. Mashine yenye kadi mbili za mtandao huweza kutokea kwa anwani usiyoifikiria. Mashine inayofikia seva kwa IPv6 haitalingana na mtandao wa IPv4 ulioandika, itaangukia mstari mwingine mpana zaidi kama upo. `ss -tn` kwenye seva, ukichuja poti 2049, inaonyesha anwani halisi bila ubishi.

Mteja mmoja akilingana na mistari kadhaa ya saraka ileile, mpangilio wako wa kuandika si unaoamua. Jina au anwani ya mashine moja hutangulia mtandao, mtandao hutangulia jina lenye nyota, nyota hutangulia netgroup (kundi la mashine lililopewa jina), na ekspoti ya watu wote huja mwisho. Mpangilio wa kwenye mstari huhesabiwa pale tu washindani wanapokuwa wa aina moja.

Ukisharekebisha na kupakia upya, kwa kawaida huhitaji kupachika upya kwa mteja, kwa sababu seva hukagua kila ombi linapofika. Ila mteja huhifadhi majibu ya ACCESS kwenye kache. Ukibadilisha `ro` kuwa `rw` na faili ileile ikaendelea kukataa huku faili mpya ikikubali, shusha upachikaji kwa `umount` na uupandishe tena kabla ya kuanza kutafuta sababu nyingine.

Ekspoti ni rw, mteja ni rw, na bado "Read-only file system"

Ingia kwenye seva yenyewe ufanye `touch /srv/data/jaribio`. Kama seva nayo inakataa, NFS haina kosa. Mfumo wa ext4 wenye chaguo la `errors=remount-ro` hujigeuza kuwa wa kusoma tu kerneli inapokutana na hitilafu kwenye data zake za ndani. Thibitisha:

```
findmnt -T /srv/data
dmesg | grep -i ext4
```

Hapa naomba uvumilivu. Amri ya `mount -o remount,rw` itakuvutia sana, hasa watu wanaposubiri kazi. Mfumo umejifunga ili usiharibike zaidi. Nakili data muhimu kwanza, tazama afya ya diski kwa `smartctl`, kisha fanya `fsck` mfumo ukiwa umeshushwa.

XFS haina tabia hiyo. Ikikuta hitilafu kubwa hujizima na wateja hupata "Input/output error", dalili tofauti kabisa.

Kuna hali nyingine isiyoonekana haraka: `/srv/data` inaweza kuwa upachikaji wa `bind` (saraka iliyopo inayoonyeshwa pia mahali pa pili) uliowekwa `ro` na mtu mwingine. Unaandika kwenye njia ya asili ya saraka na inakubali, lakini NFS hupitia njia ya `bind`, na kerneli huheshimu alama ya njia iliyotolewa. `findmnt -T` hiyohiyo itakuonyesha.

root anapata "Permission denied"

Huu ni ulinzi unaofanya kazi yake. Kwa chaguo-msingi, `root_squash` humgeuza root wa mteja kuwa mtumiaji asiye na jina, kwa kawaida nambari 65534. Hawezi kusoma faili za mode 600 za watu wengine, na `chown` atakayofanya itarudi na EPERM.

Ushauri mwepesi utakaoupata kila mahali ni kuweka `no_root_squash`. Mimi siukubali kwa ekspoti inayoandikika. Ukiuweka, yeyote mwenye root kwenye mteja mmoja anaweza kuacha kwenye saraka programu inayomilikiwa na root yenye biti ya setuid (inayoifanya iendeshwe kwa uwezo wa mmiliki wake), na mtumiaji wa kawaida kwenye mteja mwingine aliyepachika bila `nosuid` akaiendesha. Kazi za root zifanyie kwenye seva. Kama lengo ni wateja wote waandike kama mtu mmoja, tumia `all_squash,anonuid=1500,anongid=1500`, ukimpa mtumiaji huyo umiliki wa saraka. Mahali ambapo `no_root_squash` ina hoja ni mashine ya nakala za akiba inayohitaji kusoma kila faili. Hiyo ipe mstari wake peke yake, ikiwa na `ro`, ukijua kwamba sasa inaweza kusoma kila kitu.

Mtumiaji wa kawaida anakataliwa wakati ruhusa zinaonekana sawa

Kwa `sec=sys` (utambulisho wa kawaida wa NFS, uitwao pia AUTH_SYS), mteja hutuma nambari, hatumi majina. Endesha `id` kwenye mteja na kwenye seva, kisha `ls -ln` ili uone nambari za wamiliki. Jina moja lenye UID (nambari ya mtumiaji) 1001 huku na 1004 kule ni watu wawili machoni pa seva.

Nambari zikilingana na haki inatokana na kikundi, hesabu vikundi vya mtumiaji. AUTH_SYS hubeba vikundi vya ziada visivyozidi 16. Mtumiaji mwenye 25 atapoteza vingine njiani bila onyo lolote, na itaonekana kana kwamba NFS inabagua saraka. Dawa yake ni kuweka hivi kwenye `/etc/nfs.conf` ya seva, kisha kuwasha upya huduma:

```
[mountd]
manage-gids=y
```

Kuanzia hapo seva hupuuza orodha ya mteja na kutafuta vikundi yenyewe. Lazima basi seva iwafahamu watumiaji hao, kupitia LDAP (orodha ya pamoja ya watumiaji kwenye mtandao) au `/etc/group` yake. Vinginevyo watabaki bila vikundi kabisa.

Kuona `nobody` kama mmiliki kwenye NFSv4 ni jambo jingine. Mara nyingi `Domain` kwenye `/etc/idmapd.conf` haifanani pande mbili. Rekebisha, kisha `nfsidmap -c` kwenye mteja. Chini ya `sec=sys` haki bado hupimwa kwa nambari, kwa hiyo mtu anaweza kuona `nobody` na bado akaandika vizuri.

Kwenye mifumo yenye SELinux (ulinzi wa ziada wa kerneli), angalia `getsebool -a | grep nfs_export`. Swichi ya `nfs_export_all_rw` ikizimwa, mstari wako wa `rw` unaweza usifae kitu.

Upachikaji wenyewe unakataliwa

"access denied by server while mounting" haihusiani na `ro` wala `rw`. Seva haijakutambua, au njia uliyoomba haimo. Soma logi za mountd (huduma inayopokea maombi ya kupachika) kwenye seva kwa `journalctl -u nfs-mountd`, kwa sababu kwa wateja wa toleo la 3 mountd husema wazi: "unmatched host" maana yake anwani hailingani na mstari wowote, "illegal port" maana yake ombi limetoka kwenye poti isiyo chini ya 1024. Hili la pili huwapata wateja walio nyuma ya NAT, mashine pepe na kontena. Chaguo la `insecure` kwenye mstari huo linalitatua, na jina lake linatisha kuliko athari yake: yeyote mwenye root kwenye mteja angeweza kutumia poti ndogo hata hivyo.

Ukitumia majina badala ya anwani, `getent hosts` kwenye seva itakuambia kama seva inayatafsiri unavyodhani. Kama seva ina mstari wenye `fsid=0`, wateja wa toleo la 4 huomba njia kuanzia hapo, kwa hiyo `/srv/data` inaweza kuwa `/data` kwao. Na `showmount -e` ikishindwa, usihitimishe kwamba seva imekufa: amri hiyo inahitaji rpcbind (huduma inayotaja poti za huduma nyingine) kwenye poti 111 pamoja na mountd, ilhali NFSv4 hutosheka na poti 2049.

Programu inakwama ikisoma tu

Ekspoti ya kusoma tu huwashangaza watu pale programu isiyobadilisha kitu inapokataa kuanza. Nyingi huandika zinaposoma: faili za kufuli, kache, faili za muda pembeni ya data. Hifadhidata ya SQLite yenye hali ya WAL (inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni) ni mfano mzuri. Hata kusoma hutaka faili ya `-shm` kando ya hifadhidata, na saraka ikiwa ya kusoma tu na faili hiyo haipo, hifadhidata haifunguki. Kigezo cha `immutable=1` kwenye anwani yake huifungua, lakini kitumie pale tu ambapo hakuna yeyote anayeibadilisha faili hiyo, hata kwenye seva. Vinginevyo utasoma data zilizovurugika bila kuambiwa. Kwa mambo yanayobadilika, bora kuirudisha hifadhidata kwenye hali ya kawaida, isiyo ya WAL, kwanza, kisha kunakili faili iliyotulia kwenye ekspoti.

Kusoma tu pia hakumaanishi kwamba data imetulia. Mteja hukaa na sifa za faili kwenye kache kwa sekunde 3 hadi 60, na za saraka sekunde 30 hadi 60, kwa chaguo-msingi. Ukichapisha faili mpya kwenye seva, mpe mteja dakika moja kabla ya kulalamika. Ukifuta saraka nzima na kuweka nyingine yenye jina lilelile, walioifungua watapata "Stale file handle". Weka toleo jipya pembeni na ubadilishe kiungo.

Kinyume chake: mtu ameandika pasipotakiwa

Lalamiko hili huja mara chache, na ndilo linalostahili muda wako mwingi. Kwanza futa dhana kwamba `ro` kwenye `/etc/fstab` ya mteja ni ulinzi. Ni adabu ya mteja huyo tu; mwenye root anaiondoa kwa amri moja. Uamuzi wa kusoma tu lazima uwe kwenye seva.

Pili, rudi kwenye `exportfs -v` utafute `<world>`, pamoja na mstari wa mashine moja unaoshinda `ro` ya mtandao wake. Angalia pia mistari yenye `sec=` zaidi ya moja. Kwa mfano `(sec=krb5p,rw,sec=sys,ro)` inampa aliyethibitishwa kwa Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi) haki ya kuandika na wengine kusoma tu, mpangilio mzuri sana; lakini ukigeuza mahali pa `rw` na `ro`, umewafungia waliothibitishwa na kuwafungulia wasiothibitishwa. Na chini ya `sec=sys`, kumbuka kwamba UID ni neno la mteja. Root wa mashine yoyote iliyoruhusiwa anaweza kujifanya mtumiaji yeyote asiye root kwa `su`. Pale ambapo hilo halikubaliki, Kerberos ndiyo njia.

Tatu ni jambo lisiloonekana kwenye matokeo ya amri yoyote. Chukua seva yenye `/srv/a` iliyotolewa `ro` na `/srv/b` iliyotolewa `rw`, zote kwenye mfumo mmoja wa faili. Kwa chaguo-msingi la leo, `no_subtree_check`, seva huthibitisha kwamba kishikio cha faili (kitambulisho ambacho mteja hukitumia kuitaja faili) ni cha mfumo ule wa faili. Haithibitishi kwamba faili iko ndani ya saraka iliyotolewa. Mteja mwenye nia mbaya anayeweza kutengeneza kishikio anaweza kuifikia faili ya `/srv/a` kupitia ekspoti ya `/srv/b`, na hapo kilichobaki kumzuia ni ruhusa za faili peke yake. `bind` ya kusoma tu juu ya `/srv/a` haisaidii, kwa kuwa ombi halipiti huko. `subtree_check` huziba pengo hilo, ila huleta makosa faili iliyofunguliwa inapohamishwa kwenda saraka nyingine. Suluhisho safi ni kuipa data ya kusoma tu mfumo wake wa faili: kizigeu, au ujazo wa LVM, uliopachikwa peke yake.

Ukimaliza, jaribu kama mshambuliaji angejaribu, kwa upachikaji mpya unaoomba kuandika, kwa kila toleo unaloruhusu:

```
mount -t nfs -o rw,vers=3   hifadhi:/srv/a /mnt/j3
mount -t nfs -o rw,vers=4.2 hifadhi:/srv/a /mnt/j4
touch /mnt/j3/x /mnt/j4/x
```

Zote mbili zirudishe "Read-only file system". Ikirudi "Permission denied" kwenye kuunda faili mpya, usijipongeze bado: umezuiwa na ruhusa za saraka, si na ekspoti. Rudia kama mtumiaji mwenye haki ya kuandika kwenye saraka hiyo, kisha rudia kutoka kwenye anwani iliyo nje ya mtandao ulioruhusu, ambako hata `mount` inapaswa kukataliwa.